Sidiria Haikai Vizuri? Anzia Mkanda wa Chini

Kamba zinakata mabega, nyuma imepanda mgongoni, kwapani kunachoma, na jioni ukifika nyumbani kitu cha kwanza ni kuivua. Wanawake wengi wameshajiaminisha kwamba sidiria ndivyo ilivyo. Sivyo. Sidiria iliyokutosha unaisahau mwilini mpaka jioni, hata kwenye joto la Februari. Shida nyingi zilizoelezwa hapa zinatokana na jambo moja: mkanda wa chini ni mkubwa kuliko mwili, na kikombe ni kidogo kuliko titi. Namna tunavyonunua inachangia sana. Unapita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, muuzaji anakutupia jicho, anasema "dada, wewe thelathini na nane", anakuchomolea B kwa kuwa ndizo alizonazo, unalipa, unaingia kwenye daladala.

Kwa hiyo tatizo lolote linalokusumbua, likague kutoka chini kwenda juu: kwanza mkanda unaozunguka mbavu, halafu vikombe, na kamba za mabegani mwisho kabisa. Anayeanza kwa kukaza kamba anahamishia mzigo mabegani, na chanzo kinabaki palepale.

Kabla ya yote, pima upya

Tafuta futi ya kamba wanayotumia mafundi cherehani, na usimame mbele ya kioo. Tumia upande wa sentimita. Sababu utaiona punde.

Kipimo cha kwanza ni chini ya matiti, kwenye mbavu. Vua sidiria au baki na singleti nyembamba. Zungusha futi, hakikisha kwenye kioo kwamba nyuma haijashuka wala kupanda, toa pumzi, kisha kaza mpaka futi ilale vizuri kwenye ngozi bila kukufinya. Andika.

Kipimo cha pili ni pale matiti yalipojaa zaidi. Hapa wengi wanakosea. Kama matiti yamelala kidogo, na baada ya kuzaa na kunyonyesha ni kawaida kabisa, ukipima umesimama wima unapata namba ndogo kuliko ukweli. Inama mbele mpaka mgongo ulale, kama anayefagia uwanja kwa ufagio wa njiti, acha matiti yaning'inie, pitisha futi juu ya chuchu bila kubana. Pima pia ukiwa umesimama. Namba zikitofautiana, chukua ya katikati. Usipime juu ya sidiria ya sponji, maana utakuwa umepima sponji.

Sasa toa cha kwanza kwenye cha pili. Tuseme mbavu ni sentimita 81 na kifua kilichojaa ni 98: tofauti ni 17. Tofauti hiyo ndiyo inayotoa herufi ya kikombe. Herufi peke yake haina maana. D si "matiti makubwa". D ya mwenye mbavu 70 ni kikombe kidogo kuliko D ya mwenye mbavu 90. Anayesema "mimi siwezi kuwa D, mimi mdogo" mara nyingi ndiye D mwenyewe.

Soma lebo kwa sentimita

Sidiria nyingi za Kariakoo zinatoka China na zina namba mbili: 34/75, 36/80, 38/85, 40/90. Ile ya pili, 75 au 80 au 85, ndiyo kipimo cha mbavu kwa sentimita. Ile ya kwanza, 34 au 36 au 38, si inchi za mbavu zako. Sentimita 80 ni kama inchi 31 na nusu, lakini lebo inasema 36. Namba hiyo ni masalia ya njia ya zamani ya kupima, ambapo mtu alijumlisha inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha mbavu. Ndiyo maana mwenye mbavu za inchi 36 akichukua sidiria ya 36/80 anakosa pumzi, wakati yeye ni sentimita 91 na anahitaji 90.

Herufi kwa vipimo vya China hupanda kila sentimita 2.5: tofauti ya 10 ni A, 12.5 ni B, 15 ni C, 17.5 ni D, 20 ni E. Kwa lebo za Ulaya hupanda kila sentimita 2: 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Yule dada wetu wa 81 na 98 ni 80D kwa mzigo wa China na 80C kwa mzigo wa Ulaya. Ni mwili uleule, lebo ndizo tofauti. Kuna pia lebo za Ufaransa, ambazo zimeongezwa 15: 95 ya Ufaransa ni 80 ya nchi nyingine za Ulaya. Ukiokota sidiria ya Kifaransa yenye 90, usidhani ni ya mwenye mbavu 90.

Zile za Uingereza zinaandikwa inchi tu, na baada ya D zina DD, kisha E, F, FF. Kwa hizo anza kujaribu namba shufwa iliyo karibu na inchi za mbavu zako, kisha ile inayofuata juu. Mbavu za inchi 32, jaribu 32 na 34.

Mkanda unapanda mgongoni

Simama upande mbele ya kioo. Mkanda unatakiwa upite mlalo, nyuma sawa na mbele au chini kidogo. Ukiona nyuma umejikunja kama upinde kuelekea kwenye mabega, mkanda ni mkubwa. Hakuna sababu nyingine ya maana, isipokuwa umezikaza kamba mno, na hilo nalo kwa kawaida ni kwa sababu mkanda hauna nguvu.

Vuta mkanda mgongoni. Ukiachana na mgongo zaidi ya vidole viwili vilivyolala, ni mkubwa. Kisha inua mikono juu kama umeshika bomba kwenye basi la mwendokasi. Ikiwa matiti yanachungulia kwa chini, jibu umelipata.

Hapa kuna kanuni moja ambayo ukiishika utaokoa fedha nyingi: ukishuka mkanda hatua moja, panda herufi moja. 90B, 85C na 80D zina ujazo uleule wa kikombe. Dada wa 80D akipewa 40/90B, vikombe vitamtosha kweli, na muuzaji ataapa kwamba imekaa, lakini mkanda umemzidi sentimita 10. Akipewa 38/85B, mambo ni mabaya zaidi, maana mkanda ni mkubwa na kikombe ni kidogo kwa herufi moja. Wengi wakigundua mkanda ni mkubwa wanashuka 85B kwenda 80B, matiti yanafurika, wanakata tamaa na kurudi kwenye ile kubwa. Kumbe walisahau kupanda herufi.

Sidiria mpya ifungwe kwenye safu ya nje kabisa ya vitundu vya kulabu. Zile safu nyingine mbili si za mapambo. Kila moja inapunguza kama sentimita moja na nusu, nazo ni akiba ya siku lastiki itakapolegea. Ukinunua ikiwa inakutosha kwenye safu ya ndani, umenunua sidiria isiyo na akiba.

Mkanda unabana, mbavu zinauma

Usikimbilie mkanda mkubwa kabla ya kufanya jaribio hili. Igeuze sidiria, vikombe viwe mgongoni, ifunge mbele. Sasa mkanda umezunguka mbavu bila titi ndani yake. Ukihisi uko vizuri, mkanda hauna kosa. Kilichokuwa kinabana ni vikombe vidogo, maana titi lisipopata nafasi linauvuta mkanda mbele. Panda herufi, bakiza namba.

Ukiwa bado unabana hata ulipogeuzwa, basi ndiyo, panda namba na ushuke herufi. Kwa tofauti ndogo, kuna kile kipande cha kuongezea chenye kulabu upande mmoja na vitundu upande mwingine, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kinafaa hasa kwa mjamzito, ambaye mbavu zake hutanuka halafu hurudi.

Kamba zinakata mabega, au zinateleza

Haya ni matatizo mawili, ila mara nyingi yana mzazi mmoja. Sehemu kubwa ya uzito wa matiti inatakiwa ibebwe na mkanda. Mkanda ukilegea, uzito wote unapanda kwenye kamba, na kwa mwenye matiti mazito matokeo ni mitaro mabegani, shingo kuuma na wengine maumivu ya kichwa. Jipime: teremsha kamba zote mbili mabegani. Matiti yakiporomoka papo hapo, mkanda haufanyi kazi. Yakishuka kidogo tu, mkanda ni mzima. Tatizo ni kamba zenyewe, labda umezikaza mno au ni nyembamba kwa uzito wako. Tafuta zenye upana wa sentimita 2 au zaidi.

Kamba zinazoteleza, kagua mkanda kwanza, kisha kile kipini cha kurekebishia. Za bei ya chini kina tabia ya kuteleza chenyewe. Mishono miwili mitatu ya sindano juu yake baada ya kupata urefu wako inamaliza ubishi. Kama mabega yako yameteremka au ni membamba, chagua aina ambayo kamba zimeanzia karibu na katikati ya mgongo, au zinazokutana nyuma. Kamba ikikazwa vizuri, kidole kimoja kinapita chini yake bila kulazimisha.

Matiti yanafurika

Ukivaa fulana ya kubana inaonekana kama una matiti manne. Kikombe ni kidogo. Panda herufi moja, jaribu, na usiogope kupanda tena. Kufurika kwapani ni kulekule: nyama ile ambayo wengi wanaiita mafuta ya kwapa mara nyingi ni titi lililosukumwa nje na kikombe kidogo.

Ndiyo maana namna ya kuvaa ni sehemu ya kipimo. Funga kulabu, inama mbele kidogo, ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto mpaka chini ya kwapa, vuta titi lote lije mbele, kisha fanya upande wa pili. Simama ndipo uangalie. Sidiria iliyoonekana kukutosha dakika moja iliyopita, sasa inafurika. Hicho ndicho kipimo chako cha kweli.

Kipande cha katikati, kati ya vikombe, nacho ni shahidi mzuri kwa sidiria yenye waya. Kinatakiwa kigusane na mfupa wa kifua. Kikielea, kwa kawaida vikombe ni vidogo, mara chache mkanda ni mkubwa. Wenye matiti yaliyokaribiana sana wanaweza wasikipate kigusane hata saizi ikiwa sahihi, kwa hiyo watafute yenye kipande kifupi cha katikati.

Kikombe kinabaki na nafasi juu

Jibu la haraka ni "kikubwa, shuka herufi". Subiri. Kwanza vuta titi kama ilivyoelezwa hapo juu. Nafasi nyingi hujaa zenyewe. Halafu angalia waya umekaa wapi. Ukiwa umelalia titi badala ya kukaa kwenye mbavu chini yake, kikombe ni kidogo: titi limekataa kuingia hadi chini, kwa hiyo juu kumebaki tupu. Hapa anayeshuka herufi anazidisha tatizo.

Sababu ya tatu ni umbo. Kikombe kigumu cha sponji kimeumbwa kiwandani kwa titi lililojaa juu. Titi lililojaa chini, kama ilivyo kwa wengi walionyonyesha, haliwezi kulijaza umbo hilo kwa saizi yoyote. Chukua kikombe cha kitambaa cha kushonwa vipande vipande, kinachofuata mwili, au kile ambacho ukingo wake wa juu umeshushwa kidogo. Kwa Dar kuna faida nyingine kubwa: kitambaa kinapumua, wakati sponji inashika jasho na msimu wa masika inaweza kukaa siku nzima bila kukauka.

Titi moja kubwa kuliko lingine? Ni kawaida. Pima kwa lile kubwa, lile dogo lipe kipande cha sponji cha kuchomeka au ufupishe kamba ya upande huo.

Waya unachoma

Ukichoma kwapani au pembeni, bonyeza pale uliposimama waya. Ukihisi ulaini wa titi, kikombe ni kidogo au chembamba. Ukihisi mbavu, lakini ncha inagusa kwapa, waya ni mrefu kwa kiwiliwili chako, na aina hiyo haikufai hata kama saizi ni sawa. Waya unaotoboa na kutokea nje husababishwa na mkanda uliolegea unaoacha waya ukicheza, au na kufua kwa kusugua na kukamua kwa kusokota. Unarekebishika: usukume urudi, kata kipande kidogo cha kitambaa kigumu, funika tundu, shona kwa mkono mishono ya karibu karibu pande zote.

Na kuhusu ile habari inayozunguka kwenye simu kila mara, kwamba waya huleta saratani ya matiti: hakuna ushahidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwalinganisha wanawake waliopata saratani na wasiopata, ukaangalia saizi, waya na saa za kuvaa, na haukukuta uhusiano. Cha kukupeleka hospitali ni uvimbe, ngozi inayokunjamana au kuvutwa ndani, chuchu inayotoa damu, au maumivu ya sehemu moja yasiyoondoka ukishabadilisha sidiria.

Anayenyonyesha asivae waya unaokandamiza titi wala kitu chochote kinachobana. Maziwa yakikwama titi linavimba na kuuma. Sidiria ya kunyonyeshea inunuliwe mwishoni mwa ujauzito, mkanda ukifungika kwenye safu ya nje sana, na vikombe vibaki na nafasi ya kiganja, kwa sababu maziwa yakishuka siku za kwanza titi hujaa kupita ulivyolizoea.

Upele na muwasho chini ya matiti

Jasho, msuguano na unyevu. Mkanda unaocheza husugua, na kikombe kidogo huacha ngozi ya titi igusane na ngozi ya tumbo mchana kutwa. Saizi sahihi inatenganisha ngozi na ngozi, na hiyo ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni kukausha vizuri baada ya kuoga, kuvaa pamba, na kutorudia sidiria iliyoloa jasho. Ukiona pamekuwa pekundu, panawasha, panatoa harufu au ngozi inachubuka, huenda ni fangasi. Poda haiponyi, nenda kaonwe upewe dawa, hasa kama una kisukari.

Duka halina chumba cha kujaribia

Nenda na futi yako. Shika mkanda kutoka kulabu hadi safu ya nje ya vitundu, uvute pamoja na futi. Ukifika kwenye kipimo cha mbavu zako unatakiwa uwe umeshaanza kukataa. Ukipita kipimo hicho kwa sentimita 10 bado unavutika tu, uache, hata kama lebo ina namba yako. Muuzaji akikuruhusu, jaribu juu ya fulana nyembamba. Haitoi jibu kamili, lakini kupanda mgongoni na kufurika utaviona.

Ukikuta kikombe chako ila mkanda umezidi, nunua umpelekee fundi. Kutoka 90 kwenda 85 unatolewa kama sentimita 5, nusu kila upande, kwenye mwisho wa mkanda pale kulabu na vitundu viliposhonwa. Mwambie asitoe upande mmoja tu, kamba zitakaa upogo. Na ashone kwa zigizaga. Mshono wa moja kwa moja hauvutiki na lastiki, uzi utakatika siku ya kwanza.

Za mitumba, kumbuka Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezuia nguo za ndani zilizotumika kuingizwa nchini. Mbali na afya, lastiki ya mkanda uliovaliwa miaka na mtu mwingine imeshachoka, na kikombe kimeshashika umbo lake.

Ilikuwa inakaa, sasa haikai

Pima mwili kwanza: uzito, mimba, vidonge vya uzazi wa mpango na umri vyote hubadilisha saizi. Kama vipimo ni vilevile, lastiki imekufa. Vinavyoiua haraka ni Jiki, maji ya moto na jua la mchana kwenye kamba ya kuanikia. Fua kwa mkono kwa maji baridi na sabuni laini, minya bila kusokota, anika kivulini ukiwa umeibana kwenye kipande cha katikati, si kwenye kamba zake. Kama mtaani kwenu maji ni ya chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo sabuni inabaki kwenye kitambaa na kuwasha ngozi. Kuwa nazo angalau tatu, moja ipumzike wakati nyingine imevaliwa. Ikishafika safu ya ndani kabisa ya vitundu na bado inapanda mgongoni, imeisha. Kulabu, vipini na waya mpe fundi, vitamfaa kurekebishia nyingine.